Mafuta ya nazi na ya mbarika katika injini ya gari: jibu kwa msomaji wa Muheza

Msomaji mmoja wa Muheza, anayeendesha kirikuu cha kubebea machungwa kuyaleta Tanga mjini, ameniandikia hivi: "Shikamoo, mzee. Gari langu linakula oili, kila mwezi naongeza karibu lita nzima. Shemeji yangu wa Pangani anakamua mafuta ya nazi, na uani kwetu mibarika imejiotea yenyewe. Nimesoma kwamba zamani ndege na magari ya mashindano yalitumia mafuta ya mbarika. Nikiyatia kwenye injini, yenyewe tu au nusu kwa nusu na oili ya dukani, kuna ubaya gani? Na hizo oili zinazosemwa hazitokani na petroli, zipo kweli?"

Marahaba, mwanangu. Nimeshika spana hapa Tanga tangu nikiwa kijana kwenye mitambo ya kusindika mkonge, na swali lako naliheshimu kwa sababu limesimama juu ya jambo la kweli. Hata hivyo, kwa gari lako jibu langu ni hapana: usiyatie, si yenyewe wala nusu kwa nusu. Utasikia mafundi wakisema kwamba mafuta ya mimea hayatelezi vya kutosha, na hapo wanakosea. Yanateleza vizuri sana, kwa kuwa kila molekuli yake ina upande unaopenda kung'ang'ania chuma, hivyo hujipanga juu ya pistoni na beringi na kuacha utando ambao mafuta matupu ya madini, yaani yale yanayotokana na petroli ya kisimani, yakiwa hayajatiwa dawa yoyote, hayawezi kuufikia. Wala hayashiki moto upesi: mengi huanza kutoa mvuke unaoweza kuwaka yakishavuka nyuzi 300 za Selsiasi, ilhali oili ya kawaida hufika hapo kwenye nyuzi 200 na kitu. Kinachoyashinda mafuta haya ni kukaa. Injini inataka mafuta yatakayovumilia joto, hewa, maji na masizi kwa miezi kadhaa bila kubadilika, na mafuta yaliyotoka kwenye kinu hayakuumbwa kwa kazi hiyo.

Habari uliyoisoma kuhusu ndege ni sahihi, ila imekatwa katikati. Katika Vita Kuu ya Kwanza, ndege nyingi zilikuwa na injini ambazo silinda zake zilizunguka pamoja na pangaboi, kama zile za Gnome na Le Rhône za Ufaransa. Mchanganyiko wa petroli na hewa ulipita ndani ya tumbo la injini kabla ya kufika kwenye silinda, kwa hiyo oili ya madini ingeoshwa na petroli na kuacha chuma kikavu. Mafuta ya mbarika hayayeyuki kirahisi ndani ya petroli, na ndiyo maana yalichaguliwa. Lakini zingatia jambo hili: katika injini zile mafuta yalipita mara moja tu. Yaliingia, yakalainisha, yakatupwa nje pamoja na moshi, lita nyingi kwa safari moja, na marubani walioyavuta na kuyameza waliharisha, kwa kuwa ni mafuta yaleyale ambayo bibi zetu walitunywesha kusafisha tumbo. Injini zenyewe zilifunguliwa na kukwanguliwa baada ya makumi machache ya saa za kuruka. Kwenye magari nako mbarika ilijenga jina: mwaka 1909 kampuni ya Charles Wakefield wa Uingereza ilitoa oili yenye mafuta ya mbarika ikaiita Castrol, na jina hilo limetokana na jina la Kiingereza la mbarika. Gari la mashindano nalo lilikuwa likifunguliwa injini baada ya mbio chache. Wewe unataka oili izunguke ndani ya sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini, ipande, ishuke, ipashwe moto, ipoe, irudi tena, kilomita 5,000 bila mtu kuigusa. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa.

Ukitaka kuona kinachotokea, usiende mbali. Chukua chuma cha kukaangia vitumbua ambacho mama ntilie amekitumia miaka miwili, ukigeuze, uangalie ukingoni na upande wa nje pale mafuta yanapochuruzika. Utakuta utando wa rangi ya kahawia, unang'aa kama vanishi, unanata kwa mbali ukiwa wa moto, na hautoki kwa sabuni wala kwa steliwaya. Lazima ukwangue kwa kisu. Yale ni mafuta ya kupikia. Joto na oksijeni ya hewa vimezifunga molekuli zake moja kwa nyingine mpaka umajimaji ukageuka gundi, na gundi ikageuka ngozi ngumu. Ndani ya sampu ya gari mafuta huwa kwenye nyuzi 90 hadi 110, na kwenye mfereji wa ringi ya juu ya pistoni joto huvuka 200. Kwa kanuni ya jumla, kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, kasi ya mafuta kuharibika kwa hewa huongezeka takriban mara mbili.

Niliwahi kuyaona hayo kwenye injini pia. Gari dogo la abiria liliburutwa hadi gereji ninayofanyia kazi, mitaa ya Ngamiani, likiwa limenoki. Mwenyewe alikuwa ameshauriwa na mtu anayemwamini aongezee mafuta ya alizeti kila oili inapopungua, na alifanya hivyo kwa miezi kama minne. Tulipofungua kava ya valvu tulikuta ute mzito wa rangi ya chai ya rangi, umejishikiza kwenye springi kama ulimbo wa fenesi. Tuliposhusha sampu, chujio la waya lililo kwenye mdomo wa pampu ya oili lilikuwa limezibwa na ngozi laini. Niliibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba ikabaki na alama. Tuliiloweka kwenye petroli usiku kucha, asubuhi ikawa imevimba lakini haijayeyuka. Beringi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, zilikuwa zimekwanguka mpaka rangi ya shaba inaonekana. Baadaye dereva alisema taa ya oili ilikuwa ikimulikamulika gari linapokuwa sailensa, yaani injini inaunguruma bila kukanyagiwa mafuta, akadhani ni waya umelegea. Yule bwana alikuwa mtu makini, aliyejinyima ili kulipia ada ya watoto, na kwa kuokoa lita chache za oili alipoteza injini nzima. Sijapenda kuliona jambo hilo likimpata mtu mwingine.

Sasa mafuta hayafanani, na hapa ndipo nazi yako inapostahili kutendewa haki. Wanakemia hupima wepesi wa mafuta kuungana na oksijeni kwa kipimo kinachoitwa namba ya iodini: ikiwa kubwa, mafuta hukauka na kuganda upesi. Mafuta ya kitani, ambayo wachoraji na mafundi seremala huyapaka ili yakauke yawe rangi, huvuka 170. Alizeti ya kawaida huwa kati ya 110 na 140. Mbarika iko kwenye 85 hivi. Nazi haifiki hata 12. Maana yake ni kwamba, kwa upande wa kugeuka gundi, mafuta ya shemeji yako yanastahimili kuliko karibu mafuta yote ya kupikia yaliyopo sokoni, na huko Kerala, kusini mwa India, watu wamewahi kuyatumia kwenye bajaji na skuta za injini ya mipigo miwili, ambazo oili yake huchanganywa na petroli. Ukweli huo nausema wazi kwa sababu mtu akikudanganya kwamba nazi haifai kwa lolote, siku utakapogundua uongo wake hutamwamini hata anapokuonya kwa haki.

Nazi ina kasoro nyingine mbili, na zote zinakugusa wewe. Ya kwanza unaifahamu tangu utoto: mwezi wa Julai, kusi linapovuma, chupa ya mafuta ya nazi iliyowekwa dirishani huamka nyeupe na ngumu, na mtu huichomeka kwenye maji ya moto kabla ya kujipaka. Mafuta hayo huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25. Ukipakia mzigo kwenda Lushoto ukalala huko, asubuhi sampu yako itakuwa imejaa samli. Pampu itanyonya hewa, na krenki itazunguka kavu kwa dakika ambazo beringi haziwezi kuzistahimili. (Si nazi peke yake yenye tabia hiyo. Mafuta ghafi ya Uganda nayo yana nta nyingi, na ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi hapa kwetu Chongoleani limebuniwa kupashwa joto njia nzima ili mafuta yabaki kwenye nyuzi 50 au zaidi. Mafuta ya mbegu za msambu, mti wa milima ya Usambara, nayo ni magumu kuliko ya nazi, maana huganda hata kwenye joto la mchana.)

Kasoro ya pili ni wepesi wake injini ikishapata moto. Uzito wa oili, yaani jinsi inavyokuwa ngumu kutiririka, hupimwa kwa sentistoki kwenye nyuzi 100. Oili iliyoandikwa namba 30 lazima iwe kati ya 9.3 na 12.5, namba 40 iwe kati ya 12.5 na 16.3. Mafuta ya nazi hupata takriban 6 tu, na alizeti takriban 8. Injini yako iliyochoka, yenye nafasi kubwa kati ya krenki na beringi zake, itakuwa inaelea juu ya utando mwembamba kuliko hata ule uliopangwa kwa injini mpya. Mbarika ndiyo pekee yenye uzito wa kutosha, takriban 19, sawa na oili namba 50, na siri yake ni asidi iitwayo risinoleiki, inayochukua karibu sehemu tisa kati ya kumi za mafuta hayo. Molekuli za asidi hiyo zina mkono wa ziada unaoshikana na molekuli jirani, na ndiyo maana mafuta ya mbarika hutiririka polepole kama asali. Kwenye joto la muda mrefu, hata hivyo, nayo huacha vanishi, na ringi za pistoni zikishikwa na vanishi ndani ya mifereji yake, gari litakula oili kuliko linavyokula sasa.

Kuhusu kuchanganya nusu kwa nusu, jaribio la mbarika unaweza kulifanya nyumbani. Mimina mafuta ya mbarika na oili ya kawaida ya madini kwenye chupa ya maji iliyo safi, tikisa kwa nguvu, halafu iache mezani mpaka kesho. Utakuta matabaka mawili, mbarika ikiwa chini kwa kuwa ni nzito zaidi. Ndani ya sampu tabaka hilo la chini ndilo litakaloingia kwanza kwenye pampu. Nazi na alizeti huchanganyika vizuri, lakini uharibifu wake ni wa kimyakimya zaidi. Oili ya dukani si mafuta matupu. Sehemu kubwa yake ni mafuta ya msingi, na kiasi kinachoweza kufika robo ni dawa: zipo za kalsiamu zinazosafisha na kuua asidi, zipo zinazobeba masizi yasitue chini, zipo za zinki na fosforasi zinazokinga kemu na tapeti, vyuma vinavyofungua valvu, zisilike, na zipo za kuzuia mafuta yasioze kwa hewa. Ukitia nusu ya mafuta ya kupikia umepunguza kila dawa kwa nusu. Zaidi ya hapo, kwa kuwa mafuta ya mimea yanapenda chuma mno, huikalia nafasi ile ile ambayo zinki ilipaswa kuikalia, na kemu hubaki bila mlinzi. Tena mafuta yaliyokamuliwa kienyeji huwa na maji kidogo na asidi huru, hasa mbata ikiwa ilikaa na unyevu. Maji na joto huendelea kuyapasua mafuta yatoe asidi zaidi, na asidi hiyo hula shaba na risasi zilizomo kwenye beringi.

Umeuliza pia kama oili zisizotokana na petroli zipo. Zipo, lakini jihadhari na maneno ya dumu. Neno sintetiki halina maana ya kwamba oili haitokani na petroli. Nyingi zinazouzwa kwa jina hilo ni mafuta ya kisimani yaliyosafishwa na kubadilishwa kwa haidrojeni mpaka yakawa bora sana. Nyingine hutengenezwa kwa gesi asilia, kama zinavyotengenezwa Qatar tangu mwaka 2011, kwa njia iliyotokana na kazi ya Wajerumani wawili, Franz Fischer na Hans Tropsch, ya miaka ya 1920.

Kundi linalokuhusu ni la esta. Hapo mkemia huchukua mafuta ya mmea, huyapasua apate asidi zake, huitupa gliseroli iliyozifunga, kwa maana ndiyo sehemu inayovunjika kwanza kwenye joto, kisha huzifunga asidi hizo upya kwenye alkoholi inayostahimili joto zaidi. Kinachopatikana kina utelezi wa mafuta ya mimea na uvumilivu ambao mafuta ya mimea hayakuwa nao. Zile ndege ndogo za injini ya tabaini zinazotua uwanja wetu wa Tanga hulainishwa kwa esta za namna hiyo, na baadhi ya asidi fupi zinazotumika kutengeneza esta hizo hupatikana kwenye mafuta ya nazi na ya mbegu za mchikichi. Kwa hiyo mnazi unaweza kweli kuwamo ndani ya injini, tena injini yenye moto kuliko yako, lakini umeshapita kiwandani. Mimi natamani sana kuona kiwanda cha aina hiyo katika pwani hii yenye minazi mingi, badala ya kuuza mbata na kununua esta kwa bei ya mara nyingi.

Mahali ambapo ningependa mafuta hayo yaanze ni baharini. Mashine za boti za mipigo miwili hutumia oili iliyochanganywa na petroli, na sehemu ya oili hiyo hutoka na moshi kuingia kwenye maji bila kuungua, katika bahari hii yenye mikoko, dagaa na hata silikanti wetu, wale samaki wa kale waliotengewa hifadhi. Oili ya mipigo miwili yenye msingi wa esta huoza haraka kwenye maji, sehemu yake kubwa ndani ya siku 28 za kipimo, ilhali ile ya madini hubaki. Ukiikuta dukani ikiwa na namba ya ubora inayotakiwa na mashine, mshauri mvuvi unayemjua aitumie.

Mafuta ghafi ya shemeji yako nayo yana kazi kwenye gereji yako, mradi tu iwe kazi ya kupita mara moja. Yapake kwenye mnyororo wa baiskeli, bawaba za mlango wa kirikuu, mbao za kumwagia zege ili zisishike, na bleni ya msumeno wa mnyororo ukipasua magogo. Mbarika ni nzuri sana kwenye drili unapotoboa chuma kigumu. Likikufika janga barabarani, tuseme bomba la oili limepasuka kati ya Segera na Muheza na umeliziba, kisha hapana duka la oili karibu, lita moja ya mafuta ya kupikia ni afadhali kuliko injini kavu. Endesha polepole hadi gereji ya kwanza, umwage yote injini ikiwa bado ya moto, badilisha filta, tia oili nyepesi ya bei nafuu, washa kwa dakika kumi bila kukanyaga mafuta, umwage tena, ndipo utie oili yako ya kawaida. Kama tayari umeshatia mbarika au nazi kabla ya kusoma jibu hili, fanya hivyo hivyo leo, na usisubiri taa ikumulike.

Tatizo lako halisi, hata hivyo, ni ulaji. Injini ndogo kama hiyo hubeba takriban lita tatu za oili. Kupoteza lita moja kwa mwezi ni kupoteza theluthi yake, na hakuna mafuta ya aina yoyote yatakayolitibu hilo. Kwanza tandika boksi jeupe chini ya injini usiku, uone kama panavuja kwenye sili ya krenki au gasketi ya kava. Kama ni pakavu, angalia moshi. Ukiteremka kutoka Amani bila kukanyaga mafuta, kisha ukafika tambarare ukakanyaga na wingu la buluu likatoka nyuma, sili za valvu ndizo zimekauka, na hizo hubadilishwa kwa gharama ndogo bila kushusha injini. Ikiwa moshi wa buluu unatoka muda wote unapovuta mlima na mzigo, ringi zimeisha. Usisahau valvu ndogo ya kupumulia tumbo la injini, ambayo ikiziba husukuma oili hadi kwenye bomba la hewa. Nimewahi kuona watu wakinunua ringi wakati tatizo lilikuwa ni valvu hiyo tu. Wakati ukitafuta chanzo, nunua oili iliyofungwa, yenye alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), kwenye duka litakalokupa risiti, na usinunue ya kupima kwa chupa kando ya barabara. Anza na namba iliyo kwenye kitabu cha gari. Kwa injini iliyochoka na joto la pwani, 15W-40 inaruhusiwa, lakini pima kijiti kila asubuhi kabla ya kuwasha. Halafu mwambie fundi apime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya silinda zote tatu, kwanza zikiwa kavu, kisha kwa kijiko kimoja cha oili ndani ya kila moja, na uniandikie namba hizo sita pamoja na wakati moshi unapotokea.